Soma Ratiba ya Tumbili Kabla ya Kumfukuza: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Kisumu na Jirani Zao

Swali ni lile lile, nimfukuzeje tumbili, linabadilisha nguo tu. "Nimesimamisha sanamu shambani, wameikalia kichwani." "Nimeleta mbwa, sasa wanamvuta mkia." "Nimepaka pilipili dirishani, wamekula ndizi wakapangusa mikono kwenye pazia langu." Wengi wanaouliza wanaishi mtaa wa Milimani hapa Kisumu, au kando ya barabara inayoteremka kwenda Dunga, karibu na hifadhi ya Impala. Na karibu wote wamekosea mahali pamoja: wanaanza kupambana na tumbili akiwa tayari amepiga magoti juu ya meza ya jikoni. Hapo umechelewa.

Tumbili hafiki kwako kwa bahati. Ana saa ya kuamka, ana njia, ana saa ya mapumziko, ana kitanda. Ukiijua ratiba yake unaweza kufanya kazi yako saa ambayo hayupo. Usipoijua utakuwa askari wa zamu isiyoisha.

Kazi yote ni siku kumi za kuandika, siku moja ya kuziba, na wiki mbili za kuvumilia. Wanaoshindwa huruka zile siku kumi au hukata tamaa katikati ya zile wiki mbili. Sijaona sababu nyingine kubwa.

## Hakikisha kwanza ni nani

Mwongozo huu ni wa tumbili: manyoya ya kijivu yanayoelekea umanjano, uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe, mkia mrefu. Wajaluo humwita ong'er. Dume aliyekomaa utamjua kwa korodani zake za samawati, wala huhitaji kumkaribia. Uzito wake ni kilo nne hadi nane hivi.

Kama uko Nakuru na mgeni wako ana mdomo mrefu kama wa mbwa, huyo ni nyani. Dume la nyani hufikisha kilo 25 na meno yake si ya mchezo. Fuata hatua za kutazama, lakini kazi ya kuzuia usiifanye peke yako. Wahusishe maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kakamega utakutana na kima, mkubwa kuliko tumbili na mweusi zaidi, anayependa kukaa juu mitini. Mbega mweusi na mweupe naye ni mla majani. Sukuma wiki yako haimhangaishi sana. Msimsingizie.

## Vifaa

Vya kutazama:

- Daftari dogo na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka mvua ya Kisumu ikikukuta, na itakukuta.
- Saa ya mkono au simu.
- Karatasi moja kubwa ya kuchora ramani ya mtaa.
- Darubini kama unayo. Kama huna, kamera ya simu inatosha.
- Nguo za rangi tulivu, na zile zile kila siku, ili wakuzoee.

Vya kuziba:

- Waya wa matundu madogo, yasiyopitisha mkono wa mtoto mchanga. Waya wa kuku wenye matundu mapana hauna faida. Tumbili mdogo hupenyeza mkono wote hadi begani.
- Misumari ya kupinda, nyundo, komeo za madirisha.
- Pipa la taka lenye kifuniko, na kamba ya mpira kama ile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda.
- Msumeno wa matawi.

Usibebe chakula wala manati. Mawe pia achana nayo. Mimi nilirusha jiwe moja mwaka wangu wa kwanza. Tumbili aliinama, jiwe likaenda kukaa kwenye kioo cha gari la jirani. Tumbili hakulipa.

## Maonyo yasiyo na mjadala

Usimkazie macho tumbili wala usimchekee ukionyesha meno. Kwake hayo yote ni kutishwa. Tazama kwa pembeni, kama mtu anayesoma ubao wa tangazo.

Usisimame kati ya mama na mtoto. Mtoto mchanga ni mweusi mwenye uso wa waridi. Ukimwona huyo, rudi nyuma hatua kadhaa.

Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie daktari ni mnyama wa porini, ili aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Usingoje uone kama litavimba.

Usiweke sumu. Ukiacha kwamba ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, sumu haichagui: itamaliza paka, mbwa, kunguru, na Mungu apishe mbali, mtoto.

## Hatua ya 1: Tafuta mti wanaolala

Anza jioni. Watu huanza asubuhi kwa sababu ndipo wanapokasirika, lakini asubuhi bila kujua kitanda kiko wapi utakuwa unakimbizana na mikia.

Hapa Kisumu jua huzama karibu saa moja kasorobo. Tumbili hapendi giza limkute chini. Kuanzia saa kumi na moja hivi utaona kundi limegeuza uso upande mmoja, linasogea polepole huku likidokoadokoa. Lifuate kwa mbali, hatua thelathini au zaidi. Wakisimama kukutazama, wewe simama na utazame pengine.

Watakupeleka kwenye mti mrefu wenye kivuli kizito: mkuyu, ule ambao huku tunauita ng'owo, au mgunga wa kando ya ziwa, au mwembe wa zamani kwenye ua wa nyumba za kikoloni. Chui hapiti tena Milimani usiku, lakini mwili wa tumbili haujapata habari hiyo. Bado unalala kana kwamba yuko chini anangoja.

Fanya hivi jioni tatu. Makundi mengi yana miti miwili au mitatu na hubadilishana. Asubuhi angalia chini ya mti: kinyesi kibichi na maganda ya matunda vitakuhakikishia. Usiviguse kwa mkono.

Mimi mti wa kwanza nilitafuta wiki nzima, nikaupata kwa kumuuliza soja wa geti la pili. "Jaduong' (yaani mzee), hawa ong'er hulala wapi?" Akanyoosha kidole bila hata kuinuka kitini. Walinzi wa usiku, mama mboga wa kona na wachukuzi wa taka wanajua nusu ya yale unayotafuta. Waulize kwanza.

Ukifaulu: ifikapo saa kumi na moja na nusu jioni unaweza kumwambia mtu "watalala pale au pale", na ukawa sahihi jioni mbili kati ya tatu.

## Hatua ya 2: Amka kabla yao

Kuwa karibu na mti saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Jua huku huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo utakuwa na muda wa kukaa gizani na kujiuliza umeoa nini au umeolewa na nini.

Hawashuki mara moja. Kwanza huenda matawi ya nje kuota jua, hasa baada ya usiku wa mvua. Hujikuna, hunyoosha miguu, watoto huanza fujo. Kisha mmoja mkubwa hushuka, hutazama, na wengine humfuata mmoja mmoja.

Andika dakika huyo wa kwanza anapokanyaga ardhi, ukuta au paa. Hiyo ndiyo namba muhimu kuliko zote kwenye daftari, kwa kuwa nyingine zote huhesabiwa kutoka hapo. Kwenye daftari langu, asubuhi iliyofuata mvua kubwa huchelewa karibu nusu saa ukilinganisha na asubuhi kavu. Hili peke yake lilinieleza kwa nini msimu wa masika niliwakuta jikoni saa mbili, na Januari saa moja na nusu.

Kumbuka pia kwamba hawajala tangu jana jioni. Saa mbili za kwanza ni za njaa ya kweli. Na ndizo saa ambazo sisi tunachemsha chai, tunafungua dirisha moshi utoke, tunaweka mkate mezani na kwenda kumtafutia mtoto soksi. Ukilinganisha ratiba yao na yako kwenye ukurasa mmoja utaona aibu kidogo. Tumewatengea meza.

Ukifaulu: una saa za kushuka za asubuhi tano, na umeandika kando ya kila moja kama usiku ulinyesha.

## Hatua ya 3: Andika kila robo saa

Hapa ndipo wengi huharibu. Huandika kilichowashtua: ugomvi, wizi, kelele. Mwisho wa wiki daftari linasema tumbili hugombana mchana kutwa, jambo ambalo si kweli.

Fanya wanavyofanya watafiti. Kila robo saa inua macho, pitisha kundi lote kutoka kushoto kwenda kulia, na uandike herufi moja kwa kila unayemwona: K anakula, T anatembea, P amepumzika, C wanatoana chawa, M anacheza, U ugomvi. Kisha funga daftari hadi robo saa ijayo. Yaliyotokea katikati, hata yakivutia vipi, yaandike ukurasa wa nyuma.

Huwezi kukaa siku nzima, una kazi. Gawa: asubuhi mbili, mchana mmoja Jumamosi, alasiri mbili, na mwombe jirani ashike zamu moja. Baada ya siku kumi unganisha.

Huu ni ukurasa wangu mmoja wa msimu wa kiangazi, nimeufupisha:

- Saa 12:35 asubuhi, wa kwanza ashuka.
- Saa 12:50 hadi 2:45, K karibu wote. Majalala mawili, mpera mmoja, dirisha moja.
- Saa 3:00 hadi 4:45, T na K. Wanaelekea ziwani, wadudu na maua ya mgunga.
- Saa 5:00 hadi 8:15 mchana, P na C. Kivulini, hawasogei.
- Saa 8:30 hadi 10:45, K tena, polepole kuliko asubuhi.
- Saa 11:00 jioni, T kuelekea mtini.
- Saa 12:30 jioni, wote wako juu.

Tazama lile pengo la mchana. Joto la Kisumu linapokaza, kundi zima hujilaza matawini kwa saa tatu, likitoana chawa. Huo ndio muda wako wa kufanya kazi uani bila kutazamwa.

Usidharau kutoana chawa. Anayemchambua nani hukuonyesha ukoo. Majike hukaa kwenye kundi walilozaliwa maisha yao yote, na binti hurithi cheo karibu na mama yake. Madume huondoka wakipevuka, kwenye umri wa miaka mitano hivi, kutafuta kundi jingine. Kwa hiyo dume kubwa unalomwapiza kila asubuhi ni mpangaji. Wenye nyumba ni wale akina mama watulivu ambao hujawahi kuwatazama.

Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2013 Erica van de Waal na wenzake walichapisha utafiti wa Afrika Kusini: walipaka mahindi rangi mbili, waridi na buluu, rangi moja wakaitia uchungu hadi tumbili wakaiacha. Baadaye uchungu ukaondolewa. Watoto waliozaliwa katikati ya hapo walikula rangi ile ile waliyokula mama zao, na madume wahamiaji walipofika kwenye kundi lenye desturi nyingine, wengi waliacha ya kwao wakafuata ya wenyeji. Maana yake kwako: mama akishaamua kwamba dirisha lako halina kitu, hatarithisha dirisha hilo. Na akiamua kwamba lina kitu, umeandikwa kwenye wosia.

Sikiliza pia. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980, kwa tumbili wa Amboseli, kwamba mlio wa kutahadharishana kuhusu chui si ule wa tai wala ule wa nyoka. Wakisikia wa chui hukimbilia mtini, wa tai hutazama juu, wa nyoka husimama na kukagua nyasi. Ukiona kundi lote limesimama wima linatazama chini kwenye ua wako, usiende na ndala kuangalia ni nini.

Ukifaulu: unaweza kumwambia jirani "kesho watafika kwako kati ya saa moja na saa moja na nusu", na wakafika.

## Hatua ya 4: Chora njia

Kwenye ile karatasi kubwa chora nyumba, kuta, miti, nguzo za stima. Kila siku chora mshale wa njia waliyopita. Usifute ya jana.

Siku ya nne au ya tano mishale itaanza kulaliana. Tumbili hapendi kuvuka uwanja wazi. Hupita ukutani, kwenye ua wa miti, juu ya mabati, kisha tawi hadi tawi. Utaona kuna madaraja: mahali pamoja au pawili ambapo mti unagusa paa, au ukuta unakutana na tangi la maji. Kundi la tumbili ishirini linaweza kutegemea tawi moja la mparachichi. Zungushia duara jekundu.

Kama njia yao inapita kwenye nyaya za stima au transfoma, hapo usichokonoe kwa fito wala usikate tawi mwenyewe. Ita watu wa umeme. Mnakumbuka 7 Juni 2016: tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikazimika kwa saa kadhaa. Yeye alitoka mzima. Usitegemee bahati yake.

Ukifaulu: ramani yako ina madaraja yasiyozidi matatu, na unajua lipi hutumika asubuhi.

## Hatua ya 5: Hesabu na utambue wachache

Hesabu darajani wanapovuka mmoja mmoja, si mtini. Rudia asubuhi tatu, chukua namba kubwa kuliko zote. Kisha watambue watatu au wanne tu: sikio lililochanika, mkia uliopinda, mama mwenye kovu. Hakikisha angalau wawili ni majike wazima, kwa sababu niliyoeleza. Wape majina ukitaka. Mimi nina Mama Koti na Mwenyekiti.

## Hatua ya 6: Tafuta mshahara

Hakuna anayeenda kazini bila malipo. Pitia daftari na uandike kila walichoondoka nacho, mahali, na saa. Usikisie, andika ulichoona mkononi au mashavuni. Tumbili ana mifuko ndani ya mashavu, kwa hiyo aliyetoka dirishani mashavu yamevimba tayari amelipwa hata kama mikono ni mitupu.

Utashangaa. Watu hudhani ni ndizi za mezani. Kwangu kilichoongoza kilikuwa taka: sandarusi zilizotolewa nje usiku wa kuamkia siku ya gari la taka, zenye maganda ya viazi na ugali uliobaki. Cha pili, mapera yaliyoanguka. Cha tatu, bakuli la mbwa. Jikoni lilikuwa la nne.

Na cha tano kinaudhi zaidi: binadamu. Kuna mtu kando ya ziwa anayewarushia mkate ili apige picha, na kuna nyanya mmoja mwenye roho nzuri mtaani kwetu aliyekuwa akiwawekea ndizi kila asubuhi. Anayewalisha huwafundisha kwamba mtu akishika mfuko, mfuko ni wao. Kesho mtoto wa jirani atanyang'anywa mandazi akienda shule. Kwa nyanya nilienda na daftari, nikamwamkia, nikakaa, nikanywa chai kwanza. Nikamwonyesha saa: wanatoka kwake saa moja kamili, wanaingia kwa mjukuu wake saa moja na dakika kumi. Aliacha. Ningemwendea kwa hasira angewaongezea mapapai.

Ukifaulu: una orodha ya malipo, kuanzia kubwa hadi ndogo, kwa nyumba zote zilizo kwenye njia, si yako tu.

## Hatua ya 7: Siku ya kuziba

Chagua siku moja. Fanya kazi katika lile pengo la mchana au baada ya giza. Zibeni pamoja, nyumba zote za kwenye njia mlizokubaliana, na kila kitu kwa siku hiyo hiyo.

Ukiziba leo dirisha, Jumamosi pipa, mwezi ujao matawi, kila wiki watapata malipo mahali fulani. Mnyama anayelipwa mara moja moja huvumilia kuliko anayelipwa kila siku. Muulize mtu yeyote anayecheza bahati nasibu.

Mpangilio wangu ni huu:

1. Taka. Pipa lenye kifuniko, kamba ya mpira kutoka mkono hadi mkono wa pipa juu ya kifuniko. Taka zitoke asubuhi gari linapofika, si usiku.
2. Matunda. Okota yaliyoanguka kila jioni. Chuma yanayoanza kuiva uyaivishie ndani.
3. Bakuli la mbwa. Dakika ishirini, kisha ndani.
4. Madirisha ya jikoni na stoo. Waya upigiliwe kwenye fremu ya mbao kwa ndani, usitundikwe tu kama pazia. Luva ni udhaifu mkubwa: kioo kimoja kikilegea hukitoa kama karata. Grili za chuma pekee hazitoshi. Pengo la ngumi mbili ni mlango kwa mdogo wao.
5. Daraja. Kata matawi hadi pawe na angalau mita tatu kati ya mti na paa. Kata yale tu. Ukiangusha mti mzima watahamia njia usiyoijua, na daftari lako litakuwa bure.
6. Bustani ya mboga. Kama ni tuta mbili tatu, zifunike kwa neti juu ya fito zilizopindwa, pembe zibanwe kwa mawe. Shamba kubwa linataka mtu wa kukaa, saa mbili za asubuhi na saa mbili za alasiri tu, kwa kuwa sasa unajua saa.

Wapo watakaokushauri nyoka wa plastiki. Nilijaribu. Siku ya kwanza walipiga kelele za nyoka hadi mtaa ukatoka nje. Siku ya tatu walipita mbali. Siku ya tano mmoja wa vijana wao alimvuta mkia, akakimbia, akarudi, na jioni walikuwa wakimburuta juu ya bati langu. Kitisho kisichouma huisha muda wake.

Ukifaulu: kundi linafika kesho yake asubuhi, linakagua kila kitu, na hakuna hata mmoja anayeondoka na shavu lililovimba.

## Hatua ya 8: Wiki mbili za kujaribiwa

Sikiliza vizuri, maana simu nyingi nazopokea zinatoka hapa: mambo yatakuwa mabaya kwanza.

Siku mbili hadi tano baada ya kuziba watavuta waya, watatikisa pipa, watapiga bati, watakaa ukutani kukutazama kana kwamba una deni lao. Wanafanya hivyo kwa kuwa mlango uliokuwa ukifunguka haufunguki. Hata wewe kadi ikikataa kwenye mashine ya benki huirudisha mara tatu.

Watu wengi hapa husema "haifanyi kazi", wakaondoa kamba ya pipa kwa kuwa inawasumbua asubuhi. Siku hiyo umewafundisha kwamba wakitikisa kwa siku tano, hulipwa siku ya sita. Utakuwa umerudi nyuma kuliko ulipoanza.

Kila asubuhi kagua waya na misumari. Wakifika, toka nje na usimame wima, piga sufuria mara chache, songa mbele bila kukimbia, na uwaachie njia ya kutorokea upande wa mti wao. Usiwabane pembeni. Fanya wakiwa bado darajani, dakika tano kabla ya saa yao. Ndiyo faida ya kuijua.

Endelea kuandika mambo mawili: saa waliyofika, na dakika walizokaa. Kwangu zilianza 40, zikapanda hadi 55 siku ya tatu, zikashuka 20, 12, 6. Siku ya kumi na tatu Mama Koti alipita ukutani, mwanawe amemng'ang'ania tumboni, bila kugeuza kichwa.

## Wakikushinda

Kuna hali ambazo si zako: tumbili aliyejeruhiwa, anayefukuza watoto, aliyezoea kuingia hata watu wakiwemo, au aliyefugwa akatoroka. Peleka taarifa ofisi ya KWS iliyo karibu. Kwa Kisumu iko pale pale kwenye hifadhi ya Impala. Nenda na daftari na ramani. "Tumbili wanatusumbua" haisaidii afisa. "Kundi la 22, hulala kwenye mkuyu huu, dume mwenye sikio lililochanika huingia nyumba hii kati ya saa moja na saa moja na nusu" ni taarifa anayoweza kuifanyia kazi.

Wengi huomba wahamishwe. Kuhamisha kundi ni kazi nzito. Nyani wa Kekopey, karibu na Gilgil, walipelekwa Laikipia mwaka 1984 na mtafiti wa nyani Shirley Strum baada ya kugombana na wakulima, na lilikuwa jambo la kukamata kundi zima, kusafirisha, na kufuatilia kwa miaka. Na hapa kwetu mti ukibaki na taka zikibaki, nafasi iliyoachwa itajazwa na wengine.

Daftari usilitupe. Lifungue tena kwa siku tatu maembe yanapoanza kuiva, jirani mpya anapohamia, au unapoona dume usilolijua juu ya mti wa kulala.